Mama mboga na bima ya mwaka mzima

Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya hapa Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kuna jambo linaniuma. Shangazi yangu anauza mboga na ana ugonjwa wa sukari. Zamani alilipa shilingi 500 kila mwezi. Sasa anaulizwa kuhusu paa, ukuta na choo cha nyumba yake ili uwezo wake upimwe, kisha mchango wa mwaka, usiopungua 3,600, anautoa kwa mkupuo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, mwezi kwa mwezi. Haki iko wapi hapo?

Zahanati ni nafuu kweli, ukishajisajili tu serikali inalipia. Shida ni hospitali kubwa. Juzi mfumo ulikwama, karani anabonyeza kitufe kilekile, muuguzi anatuomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Shangazi akafungua fundo la leso, akatoa hela za kununulia sukuma, akalipia insulini taslimu.

Wauzaji wa sokoni waruhusiwe kulipa kidogo kidogo bila mkopo. Aliyejiunga na Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kukopeshwa mchango wa mwaka na kuurudisha kidogo kidogo, tafadhali niambie makato yake yakoje. Shangazi anataka kujua kabla ya mwisho wa mwezi.