Pacha wangu njiti na sindano za mapafu

Ukibeba pacha, jiandae kwa wiki ya 32 kama unavyojiandaa kwa wiki ya 40. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa njiti, yaani kabla ya wiki 37. Mkunga wa kliniki yetu huku Pongwe alitueleza hayo mapema, mimi na mume wangu, akasisitiza tuwe na nauli ya usiku na namba ya dereva wa bajaji. Namshukuru mpaka leo.

Nilipofika wiki ya 32, jioni moja tumbo likaanza kukaza. Halikuuma. Linakuwa gumu, linaachia, linakaza tena. Kiuno kizito, na majimaji yanatoka kuliko kawaida. Mamkwe, aliyezaa wengi salama na anayenipenda kweli, akasema, "Hilo chango tu, mwanangu. Ngoja nikuchemshie mdalasini."

"Mama, nitakunywa nikirudi. Mkunga alisema likikaza hivi, hata kama haliumi, nisingoje."

Hakuninunia. Alikunja kanga zangu akazitia mkobani, akaingia nami kwenye bajaji hadi hospitali ya Bombo, Tanga.

Kunipima, njia imeshaanza kufunguka. Nikapewa vidonge vya nifedipini vya kutuliza uchungu. Daktari alinieleza wazi kwamba havitanifikisha mwezi wa tisa. Kazi ya vidonge ni kuuchelewesha uchungu kidogo ili sindano za deksamethasoni zifanye kazi. Wodini wanaziita sindano za mapafu: miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Dawa hupita kwa mama ikawafikia watoto, na mapafu yao yakaharakisha kutengeneza ule utelezi unaoyazuia yasinywee wanapotoa pumzi. Wenzangu wenye mimba ya pacha, hapa ndipo nawasihi: ukifika hospitali mtoto anachungulia, sindano hizo hazina tena muda wa kumsaidia. Mimi nilizimaliza zote, ndipo uchungu wenyewe ukaja.

Kulwa alitoka na kilo 1.6. Doto alitanguliza matako, kilo 1.4. Wote walilia, kwa sauti nyembamba, lakini walilia.

Kisha kangaruu. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu, anasimamishwa kifuani ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kanga inamfunga barabara, nawe unalala umeegemea mito. Njiti hana mafuta ya kutosha kumtunzia joto, hivyo joto lako ndilo lake. Kwa pacha kifua kimoja hakitoshi mchana na usiku. Nilipozidiwa, Mamkwe alimchukua Doto kifuani kwake, na mume wangu naye akajifunza, ingawa mwanzoni aliogopa hata kumshika. Maziwa niliyakamua kwa mkono, usiku pia. Yakapita kwenye mpira wa puani, baadaye kikombeni, mwisho wakanyonya.

Tulivyoruhusiwa tulipewa dawa ya matone ya kuongeza damu, kwa sababu njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma. Chanjo wanapata kwa tarehe waliyozaliwa. Kukaa na kutambaa, hapo tunaondoa kwenye umri wao ile miezi 2 waliyotangulia. Jirani akiuliza mbona hawajakaa, Mamkwe ndiye anayemwelewesha hesabu hiyo.