Jumatatu tuliyopima kuni

Ripoti ya uendelevu ya mwaka 2022 ilikuwa imeshachapwa, karatasi nzito, picha ya miche kwenye jalada. Ukurasa wa nishati ulisema matumizi ya kiwanda yameshuka kwa asilimia 6. Ni kweli yalishuka. Lakini chai iliyotengenezwa ilishuka kwa asilimia 11, maana mvua zilichelewa na majani mabichi yakawa haba. Gawanya 94 kwa 89 uone: kila kilo ya chai ilikula nishati zaidi kwa karibu asilimia 6. Jedwali lile nililijaza mimi. Machi 2023, Jumatatu ambayo kiwanda hakipokei majani, nilikwenda nje kidogo ya Kericho kushinda na mzee wa boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke.

Swali lake la kwanza lilihusu kuni. "Madam, hii asilimia 25 ya unyevu mliitoa wapi?"

"Ilikuwa imeshajazwa kwenye fomu, Mzee."

Hakucheka. Alinipeleka kwenye banda.

Katika kiwanda cha chai, zaidi ya robo tatu ya nishati ni joto: mvuke wa kunyaushia majani na wa kukaushia chai. Huku kwetu joto hilo hutoka kwenye mikaratusi. Ripoti ilikuwa na kurasa mbili za umeme na taa mpya, kwa sababu umeme huja na bili kila mwezi. Kuni zilipata mstari mmoja. Tena kwa kanuni za kuhesabu hewa ukaa, kaboni inayotoka kwenye kuni huandikwa kando, nje ya jumla. Ndani ya jumla huingia gesi nyingine mbili za moshi huo tu, methani na naitrasi oksaidi. Basi boila, mlaji mkubwa kuliko wote, ilionekana kama haipo. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo taa zile zilipunguza bili kuliko zilivyopunguza kaboni.

Nilikuwa nimebeba kipimo cha unyevu cha pini mbili. Nikachoma ncha ya gogo, kikasoma 33. Kipimo cha aina hiyo hulinganisha maji na uzito wa mbao iliyokauka, si na uzito wa gogo zima. 33 yake ni sawa na 25 ya fomu yetu. Nikafurahi bure. Ncha za gogo hukauka mapema kuliko moyo wake, na ukivuka 30 kipimo chenyewe huanza kubahatisha. Mzee aliwasha msumeno, akakata kisahani cha sentimita tatu katikati ya gogo la mita moja. Tulikipima papo hapo kabla hakijaanza kupoteza maji: gramu 412. Maabara ya kiwanda ina tanuri dogo la kupimia unyevu wa chai. Kililala humo kwa nyuzi 105.

Wakati huohuo boila ilikuwa bado na presha ya baa 7, ikimalizia chai ya Jumapili, kwa hiyo tukawahi kukagua trapu, zile vali zinazotakiwa kutoa maji ya mvuke uliopoa na kuuzuia mvuke wenyewe. Zilikuwa 14. Kipimajoto cha kulenga hakitoshi: trapu iliyokwama wazi huwa na moto pande zote mbili, lakini na nzima inaweza kuwa hivyo kama bomba la kurudishia maji lina presha. Mzee aliweka ncha ya bisibisi kwenye trapu na mpini sikioni. Nzima hugonga na kunyamaza, hugonga na kunyamaza. Mbovu huvuma bila kupumua. Nne zilivuma. Mbili zilikuwa baridi: moja imeziba uchafu, nyingine ilikuwa imefungwa na mvuke kupitishwa bomba la pembeni, kwa sababu zamu fulani ilichoka kusubiri kikaushio kipate moto asubuhi. Tundu la milimita tano kwa presha ile linaweza kupoteza zaidi ya kilo 40 za mvuke kwa saa. Kwa siku ya saa 20 ni kilo 300 na ushei za kuni. Kwa trapu moja.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa nyuma ya nyumba ya boila. Maji moto yanayorudi kutoka kwenye vikaushio yalikuwa yakimwagika mtaroni. Pampu ya kuyarudisha ilikuwa imekufa sili, yaani kizuizi cha kuvuja. Tangi la maji ya boila lilisoma nyuzi 38 badala ya 80. Kila nyuzi sita unazopandisha pale huokoa karibu asilimia moja ya kuni, kwa hiyo mtaro ule ulikuwa unakunywa asilimia 7. Ombi la sili lilikuwa limekaa miezi mitano, kwa kuwa fungu la matengenezo ni la kiwanda na lilikuwa limekauka, ilhali fungu la uendelevu lilikuwa makao makuu likinunua miche.

Jumanne asubuhi kisahani kilitoka na gramu 231, na tulipokirudisha saa mbili zaidi uzito haukubadilika. Gramu 181 za maji katika 412: asilimia 44.

Hapa watu wengi hukosea hesabu, nami nusura nikosee. Kilo ya kuni yenye maji asilimia 25 ina joto la megajuli 13 hivi, na ya asilimia 44 ina 9 na kitu, kwa hiyo mtu huona akiba kubwa. Lakini mti ni uleule. Gogo likikauka kutoka 44 hadi 25, joto lake halisi huongezeka asilimia 6 au 7 tu. Faida nyingine hutokana na moto: kuni mbichi hupoza tanuru, fundi hufungua hewa zaidi, na joto hupanda dohani pamoja na moshi.

Banda lenyewe halikuwa dogo. Lori lilimwaga kuni mlangoni, wapakiaji wakachukua za mlangoni, na za nyuma zikaoza. Tulikubaliana nafasi nne zenye herufi ya mwezi iliyopakwa rangi, magogo yanayozidi sentimita 15 yapasuliwe, rafu ziinuliwe juu ya nguzo, na kisahani kimoja kila wiki chenye sahihi ya msimamizi wa boila. Kwenye jedwali, mita za ujazo ziliondoka, kwani rundo lililopangwa ovyo ni hewa tupu. Zikaingia kilo za kuni kavu kwa kilo ya chai. Takwimu ya mwaka uliotangulia ikabidi isahihishwe, ikawa mbaya kuliko iliyochapwa. Makao makuu hawakupenda. Sili ya pampu ilinunuliwa kwa fungu la miche.

Kisahani cha Septemba kilianza na gramu 398, kikatoka na 287. Asilimia 28, lakini hicho kilikatwa nafasi ya nyuma. Za mlangoni zilikuwa bado 40 na kitu.