Idi ya Mlango Wazi

Mwaka 1983 sukari ilikuwa haionekani Tanga. Sabuni nayo haikuonekana, wala mafuta ya kula, mafuta ya taa, unga wa ngano, nguo, hata betri za redio, ambazo baba alikuwa akizianika juani juu ya bati la jikoni ili zimfikishe kwenye taarifa ya habari ya jioni. Wakubwa walizijua sababu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwishoni mwa 1978 vikaja vita vya Kagera, petroli ikapanda bei, na Mwalimu akatutaka tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikwishapita na mkanda ulikuwa bado umekazwa. Kwetu Tanga lilikuwepo na jingine, mkonge. Baba alikuwa karani wa kupima marobota ghalani, na tangu kamba za nailoni ziingie sokoni, marobota yalikuwa yakipungua mwaka hadi mwaka, na saa za kazi zikipungua nayo.

Nataka kuisimulia Idi ya mwaka ule kwa sababu watu wakizungumza habari za miaka ile huzungumza foleni tu. Foleni zilikuwepo kweli. Watu waliamka alfajiri kwenda kuweka jiwe au kikapu mbele ya duka la ushirika, na jiwe lile likahesabiwa kuwa ni mtu. Lakini nyuma ya foleni kulikuwa na majumba, na ndani ya majumba kulikuwa na watu waliofanya kazi kubwa kuhakikisha siku zinakwenda na watoto hawalii. Kazi ile mimi niliiona kwa mama yangu.

Tulikaa Ngamiani, nyumba yenye baraza mbele na ua nyuma, baba, mama, kaka yangu, mimi na mdogo wangu wa kike. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amefanya uamuzi ambao hakuutangaza, ila ukiangalia jikoni ulikuwa unauona: kila kilichokuwa kikitoka dukani akakitafutia mwenzake wa shambani. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa na shamba upande wa Muheza, na nazi zake zilitubeba. Tui lilikuwa mboga. Tulikaanga kwa mafuta ya nazi, aliyoyapika mwenyewe mpaka chicha lake likawa jekundu, na sisi tukaligombea lile chicha. Kumbi lilisugua sufuria kwa majivu, kifuu kikawa kuni, chelewa zikawa fagio. Nguo za kazi zilifuliwa kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, na kipande cha sabuni kikipatikana kiliwekwa kwa ajili ya kuogea na sare za shule. Sembe la njano, tuliloliita yanga, hatukulipenda kwa harufu yake. Mama alilichanganya na unga wa muhogo, akalisonga laini, akatuwekea kisamvu cha nazi pembeni, na hatukubakisha kitu.

Hakuna siku niliyomsikia akitaja mbele yetu kitu kilichokosekana. Alitaja kilichopo. "Leo tuna magimbi," angesema, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema, na sisi tukafurahia magimbi. Siku hizi najua kwamba sauti ile haikuja yenyewe. Usiku niliwasikia yeye na baba wakihesabu mshahara kwa sauti ya chini, na asubuhi sauti ilikuwa imerudi.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Juni na Julai. Katikati ya mfungo balozi wa nyumba kumi akapita kutangaza kwamba kanga zimefika, doti moja kwa kila kaya yenye kadi. Mama akaenda akarudi na doti yake, nyekundu na nyeupe, imeandikwa WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Doti moja, na nyumba nzima haina nguo ya Idi. Kaka alikwishatengenezewa suruali kutoka kwenye suruali ya baba. Tulibaki sisi wasichana, bibi aliyekuwa anakuja kula sikukuu kwetu, na mama mwenyewe.

Aliitandika kanga juu ya mkeka akaikalia mbele kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akaitenganisha vipande viwili. Kimoja akakikunja akakiweka kando. "Hiki cha bibi yenu." Cha pili akakikata katikati, juu mpaka chini, palepale penye nafasi kati ya WAKIPENDANA na ADUI. Nusu moja ikawa gauni langu, nusu nyingine la mdogo wangu, pindo likawa upindo wa chini na maandishi yakatuzunguka magotini. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, alilalamika kwamba wawili wanaopendana wote nimewachukua mimi, yeye kaachiwa adui. Mama akamwambia, "Basi msiachane, muende pamoja, msomeke."

Cherehani ya mkono tulikuwa nayo. Uzi ndio haukuwepo. Mama akatoa chini ya kitanda magunia ya nguo ya unga wa ngano, yale meupe, aliyoyaomba kwa muuza mkate siku za neema. Mdomo wa gunia la unga hushonwa mshono wa mnyororo, na siri yake iko kwenye ncha. Ukiishika ncha isiyo yake unang'ang'ana na kila kishimo, uzi unakatika. Ukiipata ncha yenyewe ukavuta, mshono wote unafumuka kwa mfululizo, trrr, mpaka mwisho. Mama alitufundisha kuitazama: upande mmoja mishono inaonekana kama punje zimefuatana, upande wa pili ni mstari mnyoofu. Tulifumua, tukazungushia uzi kwenye kiberiti kitupu, na yeye akaupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili uwe laini na usikwame kwenye sindano. Alishona mchana tu, baada ya adhuhuri, mlangoni penye mwanga, kwa kuwa mafuta ya taa tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kibatari cha daku.

Mpaka hapo nguo zilikuwa tayari. Kilichokuwa kinaisumbua mitaa yote ni chai ya Idi. Idi ya kwetu ni ya kuingiliana. Watu wakitoka kuswali wanapita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ina kitu kitamu cha kumpa anayeingia: kaimati, visheti, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye hiliki. Vyote hivyo ni sukari.

Sasa, mwaka ule ulikuwa mwaka wa msako. Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu Februari, na Machi serikali ikaanza kuwakamata walioitwa wahujumu uchumi, walanguzi na waficha bidhaa. Mtaani walisimulia habari za mali iliyotupwa baharini usiku na wenyewe kwa kuogopa kukutwa nayo. Na Tanga, kwa vile Mombasa iko jirani, magendo yalikuwa na njia zake za siku nyingi, kwa jahazi na kwa vichochoro vya porini.

Usiku mmoja wa kumi la mwisho, watu wametoka tarawehe, alibisha hodi mlango wa uani mwanamume wa mtaa wa pili, mtu tuliyemfahamu, ambaye mke wake alizoea kusuka nywele barazani kwetu. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha uani, macho.

"Shemeji, nina sukari," alisema. "Kilo tano. Nakupa kwa bei ya duka la ushirika, sitaki faida. Nataka itoke tu nyumbani kwangu."

Baba hakusema kitu. Nilijua anamsubiri mama. Na mimi pale kitandani niliiona ile kaimati inavyong'aa kwa shira.

"Ahsante, shemeji," mama akasema. "Ila sukari hii nitaiandaa vipi? Siku ya Idi wageni wanaingia hapa toka asubuhi. Mtu akionja chai tamu ataniuliza, mwenzangu, umeipata wapi? Hapo ama nimdanganye siku ya Idi, ama nifunge mlango ninywe na wanangu. Na mimi mlango wangu siku ya Idi sijawahi kuufunga."

Yule bwana akasema kwamba hakuna atakayeuliza, kila mtu siku hizi anajua. Mama akamwambia, kwa upole kabisa, "Mimi nitajua, shemeji." Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea afike salama.

Walipobaki wawili baba akauliza, "Na watoto?"

"Watoto watakula kitamu. Niachie mimi."

Nimeyafikiria sana maneno yale ya mlango. Kuogopa msako kulikuwemo, bila shaka, nani hakuogopa? Lakini ukiyasikiliza vizuri, hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye nyumba. Aliona kwamba kitu cha kuficha hakimsaidii mwenye kupokea wageni, hata akipewa bure.

Bibi alifika siku mbili kabla ya Idi, juu ya lori, na jogoo mmoja, nazi, mikungu miwili ya ndizi na magunia ya machungwa. Julai ni msimu, na Muheza machungwa yake humwagika. Shangazi wa Handeni akaleta chupa ya asali. Mama akaviangalia vile vitu vimepangwa uani, akacheka.

Redio ilipotangaza mwezi umeonekana, betri za baba zikafia hapohapo kwenye takbira. Tulilala tumechoka kwa kufagia na kusugua.

Ndizi alizipika kabla ya alfajiri. Alichagua zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, maana hizo utamu wake umekamilika na hazidai sukari. Akazimenya, akazipasua kwa urefu, akazipanga kwenye sufuria pana. Kwanza tui la pili, lile jepesi, na chembe ya chumvi na hiliki zilizotwangwa pamoja na maganda yake. Moto mdogo, bila mwiko, unatikisa sufuria tu. Tui likikaribia kukauka unamimina la kwanza, zito, unaacha lichemke mara moja unaepua. Zilitoka zimenata, na harufu yake ilifika barabarani. Machungwa tuliyakamua mimi na kaka kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Kahawa chungu ilikuwepo, na kijiko cha asali kwa wazee.

Watu walipotoka kuswali walianza kuingia, na hawakukoma. Wapo waliokuja mara ya pili na jamaa zao. Mama mmoja aliuliza, "Ndizi hizi umetia sukari ya wapi?" na mama yangu akamjibu kwa furaha, akianzia kwenye ganda jeusi, mpaka waliokaa barazani wote wakanyamaza kusikiliza. Bibi alikuwa amejifunga kanga yake mpya, na mimi na mdogo wangu tulitembea mitaa yote bega kwa bega tukidai mkono wa Idi, watu wakiinama kutusoma.

Jioni kidogo akaingia yule bwana wa sukari, na mkewe na watoto wao. Alisita mlangoni. Mama akamwita kwa sauti aliyowaitia wengine, "Karibuni, shemeji, Idi mubaraka!" akawapakulia ndizi zilizobaki, akamjazia yeye bilauri ya machungwa mpaka juu. Walikaa sana. Walipoaga, mama akamtwika mke wake kapu la machungwa. Yule mama akasema hapana, ni mengi, na nyinyi mtabaki na nini.

"Chukua, mwenzangu," mama akasema. "Lori la Jumatatu linaleta mengine."