Jozi zimeupaka mkate wangu rangi ya zambarau

Leo ni tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na hapa Perugia, katika mkoa wa Umbria nchini Italia, huu ndio msimu wa pan nociato, mkate wa kienyeji wa jozi (kokwa ziitwazo walnut kwa Kiingereza) na jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo pecorino.

Asubuhi nilichukua gramu 500 za unga wa ngano, hamira, maji ya uvuguvugu na mafuta ya zeituni, nikaukanda mpaka ukaacha kunata mikononi, nikachanganya jozi na jibini, kisha nikaufunika kwa kitambaa ili uumuke. Chumvi niliitia kidogo tu, kwa kuwa pecorino ina chumvi ya kutosha (na mkate wa kila siku wa huku, kwa kweli, hautiwi chumvi kabisa).

Nilipofunua kitambaa, nilishtuka.

Unga ulikuwa na madoa ya zambarau kuzunguka kila kipande cha jozi, nami nikadhani umeharibika. Mama mwenye nyumba alicheka, akanieleza kuwa ngozi nyembamba ya jozi ndiyo inayotoa rangi hiyo.

Ndani ya oveni, jibini niliyoikata vipande vikubwa mno ilipasua ubavu wa mkate, ikamwagikia kwenye trei na kuwa utando wa kahawia unaovunjika kama kaukau.

Utando huo niliula nikiwa nimesimama, kabla mkate haujapoa.

Ndugu zangu, ninyi mikate yenu mnaitia nini? Niandikieni hapa chini.