Nilivyozitenga nyota za Wingu Kubwa la Magellan nikiwa Lamu

Msimu wa kaskazi, ukitoka Shela ukafuata ufuo hadi taa zikabaki nyuma, upande wa kusini unabaki na bahari tupu. Usiku wa giza, Januari saa nne au Februari saa mbili, tafuta Suheli, nyota kali ambayo manahodha wetu wanaijua. Shuka karibu nusu ya njia hadi upeo wa bahari, utaona doa la weupe hafifu. Hilo ndilo Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000.

Nilipomwonyesha mtoto wa ndugu yangu, akaniuliza, “Ami, unajuaje nyota zile ni za kule, si zetu zilizosimama mbele?”

Mimi ni mwalimu wa hesabu na sina darubini ya maana. Nina kompyuta ya mkononi na bando. Lakini data za Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichorushwa Desemba 2013 kupima mahali na mwendo wa nyota, ziko wazi kwa yeyote. Toleo la tatu, la Juni 2022, lina nyota karibu bilioni 1.8, na programu ya kuzichambua, TOPCAT, ni ya bure. Katikati ya Wingu nyota zimesongamana mno na vipimo vyake si vya kutegemea, kwa hiyo nikachagua duara la nusu digrii pembeni, nikaacha nyota hafifu sana. Nikashusha usiku wa manane, maana mchana mtandao wetu una mambo yake.

Jibu la swali la kijana liko kwenye mwendo. Nilichora grafu: mhimili mmoja ni kasi ya nyota kwenda mashariki, wa pili kwenda kaskazini. Nyota zetu za mbele zikatapakaa huku na huku, kila moja na safari yake. Za Wingu zikajikusanya rundo moja, kwa sababu galaksi nzima inasafiri pamoja: karibu sehemu mbili za elfu za sekunde ya pembe kwa mwaka, na digrii moja ina sekunde 3,600. Nikalizungushia rundo mstari. Kisha nikaondoa kila nyota iliyoonekana kuyumba Dunia inapolizunguka Jua, kwani za Wingu ziko mbali mno kwa Gaia kuuona myumbo huo.

Zilizobaki nikazipanga kwa rangi na mwangaza, na hapo ndipo raha ilipo. Kushoto zikasimama nyota za buluu, changa. Kulia ukapanda mkia wa majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba, na chini yake, karibu na mwangaza wa 19 (katika kipimo hiki namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi), kishada kinene cha nyota zinazochoma gesi ya heli katika kiini. Kwa kuwa zote ziko umbali ule ule kwetu, inayong'aa zaidi kwenye grafu inang'aa zaidi kweli. Mwanafalaki Mmarekani Henrietta Leavitt alitumia faida hiyo hiyo mwaka 1912, kwa nyota 25 zinazobadilika mwangaza katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani nyingine: zenye mzunguko mrefu zaidi wa kung'aa na kufifia ndizo zenye nuru zaidi. Umbali wa galaksi nyingi ulipimwa kwa kanuni hiyo. Jua letu tukilipeleka kule, lingekuwa na mwangaza wa 23 hivi, na Gaia isingeliona.

Kwa wanaodhani mambo haya ni ya wazungu tu: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, Malindi, iliyapima Mawingu haya haya kwa eksirei.

Sasa niko kwenye Wingu Dogo, na lina ukaidi wake. Kwenye grafu ya mwendo yametokea marundo mawili. La pili ni 47 Tucanae, kishada cha nyota cha galaksi yetu wenyewe, umbali wa miaka ya nuru kama 15,000 tu, ambacho kwa macho kinaonekana kimekaa ubavuni mwa Wingu.