Siku moja maishani mwangu: afisa wa watoto, Nairobi

Wengi huniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa hivyo hii hapa Jumatano moja. Kesi za watoto husikizwa faraghani, na ndivyo inavyofaa, basi majina sijataja na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekibadilisha.

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, mkate, faili. Naipitia tena ripoti niliyomaliza jana usiku kabla wanangu hawajaamka. Inamhusu mvulana wa miaka saba. Wazazi wameachana, na baba anaomba akae naye kila wikendi. Mahakama iliniagiza nitembelee nyumba zote mbili, niongee na mtoto, mwalimu wake na majirani, kisha nitoe maoni. Hakimu hawezi kuingia jikoni kwa mtu. Mimi naingia.

Saa 1 asubuhi. Matatu, Jogoo Road, jam. Sina la kuongeza.

Saa 3. Milimani, mahakama ya watoto. Siku hizi kesi nyingi hutajwa kwa video, na kwa mama aliyekimbia kipigo hiyo ni afueni, maana hapandi lifti moja na aliyempiga. Ila nikiona mtoto kwenye skrini huwa najiuliza ni nani mwingine yuko chumbani, upande usioonekana. Leo tumeitwa ana kwa ana.

Kabla hatujaingia, mjomba wa upande wa baba ananivuta kando. Mzee mpole, ameshika kofia mkononi. "Madam, si tuyamalize tu kifamilia? Huyo mtoto hajawahi kuguswa hata siku moja."

Ni kweli, hajaguswa. Sentensi hiyo naisikia karibu katika kila kesi ya aina hii, na ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mvulana huyu aliniambia kwamba walipokuwa bado wanaishi pamoja, alikuwa anajua hali ya usiku kwa viatu vya baba kwenye ngazi za ploti. Akipanda haraka, sawa. Akipanda polepole, huku akigusa ukuta, mtoto alichukua daftari na kwenda kumalizia homuweki chini ya kitanda. Mwalimu wake naye alishangaa kwa nini madaftari yana vumbi. Hayo yote nimeyaandika.

Halafu kuna suala la simu. Mama alikuwa na amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia baba asimdhuru, chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, akahamia mtaa ambao baba haujui. Baadaye, katika kesi ya malezi, baba akaruhusiwa kwa muda kumchukua mtoto Jumamosi. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Amri ya ulinzi ilikuwa kwenye faili moja, malezi kwenye faili jingine, na mafaili hayo hayakuwa yamewahi kukutana. Jumamosi ya pili mtoto alirudi na simu ya zawadi ndani ya mkoba, imewashwa, inaonyesha mahali ilipo. Siku chache baadaye baba alikuwa amesimama getini kwa mama.

Mageuzi ninayoyataka ni haya, wala hayahitaji jengo jipya. Kabla mahakama haijatoa saa za kumtembelea mtoto, iulize kwanza kama kuna ukatili nyumbani, na kila amri iliyowahi kutolewa iwe mezani. Sheria ya Watoto ya 2022 tayari inasema maslahi ya mtoto yatangulie na maoni yake yasikizwe. Kinachokosekana ni mpangilio: nani aulize nini, na lini.

Hakimu amesoma ripoti yote, ameuliza maswali magumu (mawili aliniuliza mimi), kisha amesitisha zile Jumamosi. Baba atamwona mtoto kwa saa mbili, chini ya usimamizi. Huko nje baba analia waziwazi. Sina shaka anampenda mwanawe.

Saa 7 mchana. Chapo madondo kibandani na rafiki yangu wakili. Ananiambia kule Uingereza sheria ya 2014 iliwataka majaji waanze na dhana kwamba kushiriki kwa wazazi wote wawili kunamfaidi mtoto, na Oktoba 2025 serikali yao ikatangaza kwamba itaiondoa, kwa sababu ya watoto wanaoumizwa. Tukabishana. Sisi Ibara ya 53 ya Katiba inawapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au la, na nisingependa kuiona ikiguswa: kina mama wangapi walilea peke yao huku baba akipita tu na gari? Lakini kipengele hichohicho kinataja wajibu wa kumlea na kumlinda mtoto. Hakisemi mtoto alale nyumba gani. Usuluhishi wa mahakama, ulioanzia hapa Milimani 2016, nao tumeujadili. Kwa karo na sare unafaa sana. Mtu anayeogopa kumtazama mwenzake machoni hasuluhishwi, anakubali tu.

Saa 9 alasiri. Kayole. Mama mwingine alienda kituo kimoja cha polisi akaambiwa arudi nyumbani wakaongee na mumewe. Nampeleka kwenye kituo chenye dawati la jinsia linalofanya kazi, ripoti yake inaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na anapewa fomu ya P3 ya daktari kujaza majeraha. Namwandikia pia namba mbili za bure nyuma ya risiti: 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Saa 12 jioni. Usimamizi umeamriwa, sawa, lakini ufanyike wapi? Ofisi yangu ina meza tatu na kabati la mafaili. Nahitaji mahali penye mageti mawili: mama amlete mtoto kwa geti moja na kuondoka, baba aingie kwa lingine nusu saa baadaye, na wakati wa kutoka tufanye kinyume. Napigia simu mwalimu mkuu wa chekechea moja ninayoifahamu.

"Darasa Jumamosi liko wazi," anasema, "lakini madam, viti vyote ni vya watoto."

Namwambia baba atavikalia hivyohivyo.