Doh ni Ipi?

Ijumaa hii, Julai 18, nimepangiwa zamu ya usiku. Jioni hiyohiyo ndiyo ufunguzi wa Proms za mwaka huu wa 2025, tamasha la muziki wa okestra la kila kiangazi, pale Royal Albert Hall, London, na kazi mpya ya mtunzi Errollyn Wallen itapigwa kwa mara ya kwanza duniani. Nimembembeleza mwenzangu Mghana tubadilishane zamu. Anasema atafikiria, ila nimpikie pilau. Si pilau la sahani, sufuria nzima. Mazungumzo yamefika hapo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nakaa Plaistow, mashariki mwa London, mwaka wa saba sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawageuza wasipate vidonda, nawasikiliza saa tisa za usiku wakiita majina ya watu waliokwisha kufa. Kwetu ni Mwanza, Nyakato, na kabla ya yote hayo mimi ni alto, sauti ya pili ya kwaya. Niliingia kwaya ya parokia nikiwa darasa la sita, kwa kuvizia, maana umri ulikuwa haujatimia.

Mwalimu wetu wa kwaya mchana alikuwa fundi cherehani. Jioni anafika na futi yake bado inaning'inia shingoni, anachukua chaki, anaandika juu ya ubao: Doh = F, yaani noti F ndiyo msingi wa ngazi ya wimbo. Chini yake zinafuata herufi, d, r, m, f, s, l, t, zimetenganishwa kwa nukta mbili, na kistari pale sauti inapovutwa. Mistari minne, kila sauti na mstari wake. Tuliimba herufi kwanza mpaka kila mtu akaacha kumfuata jirani, ndipo maneno yakaruhusiwa. Ukikosea alikuwa hapigi kelele. Anakwambia tu, "Mama, hiyo uliyoimba ni nzuri, lakini si ya mtunzi."

Sasa sikilizeni maajabu. Mwaka juzi nilikuwa nasoma habari za zamani za mtaa huu, sina hata sababu ya maana, nilikuwa nasubiri nguo zikauke kwa dobi. Nikakutana na jina la mchungaji John Curwen. Alipewa kanisa hapahapa Plaistow mwaka 1844. Huyu ndiye aliyechukua njia ya kufundisha kuimba iliyobuniwa na mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza upya, ili watoto wa shule ya Jumapili na vibarua wasio na piano nyumbani waweze kuimba kwa sauti nne bila kujua kusoma nota za mistari mitano. Akaisambaza kwa vitabu, na baadaye chuo chake kikawa Forest Gate, jirani tu. Wamisionari wakaibeba kwenda Afrika, India na visiwa vya Pasifiki. Solfa! Zile herufi za chaki za Nyakato zilianza safari yao kwenye mtaa ninaofulia nguo.

Nilimpigia mwalimu usiku uleule, nikasahau kwake ni alfajiri.

"Mwalimu, solfa imetoka mtaani kwangu."

Kimya kidogo. Kisha: "Na hao wenyewe bado wanaisoma?"

Nikamwambia wachache sana, wengi wanasoma mistari.

"Basi ni yetu," akasema, akarudi kulala.

Naeleza haya kwa sababu kila nikisema naenda kusikiliza okestra, kuna mtu wa nyumbani lazima aniulize tangu lini nikawa Mzungu. Mwanzoni hata mimi nilijiuliza. Mara ya kwanza nilikaa roshani ya juu kabisa ya ukumbi ule, ambako watu wanakuja na mito na kulala chali sakafuni wakisikiliza. Nilikuwa nimetoka zamu. Nikalala kweli, si kwa kusikiliza, mpaka ngoma za shaba zikanigutusha nikadhani kengele ya mgonjwa. Lakini kabla ya usingizi kunichukua niligundua kitu: masikio yangu yalikuwa yanafuata sauti ya pili peke yao. Vayolini za kwanza zinajigamba huko juu, mimi niko chini na viola, najua zinakokwenda kabla hazijafika. Alto ni alto tu hata umpeleke wapi. Hakuna aliyenifundisha huku. Nilikuja nayo.

Haya, Errollyn Wallen.

Amezaliwa Belize City mwaka 1958, wakati nchi hiyo bado ni koloni, ikiitwa British Honduras. Aliletwa London akiwa na miaka miwili. Baadaye wazazi wake wakahamia New York, yeye na wadogo zake wakabaki Tottenham, wakilelewa na ndugu. Nasema "ndugu" kwa sababu Kiingereza hakinisaidii: hakikwambii kama ni shangazi, mama mdogo au mke wa mjomba, wote kimewafungia kwenye neno moja. Sisi tungetaka kujua. Kulelewa na mama mdogo na kulelewa na mke wa mjomba ni maisha mawili tofauti.

Nilisoma sentensi ile, ya wazazi kwenda New York na watoto kubaki, nikaiacha nikaenda kuosha vyombo. Binti yangu ana miaka tisa. Nilipomwacha kwa bibi yake alikuwa na miaka miwili. Kila Jumapili baada ya misa ananipigia kwa video na kuniimbia walichojifunza. Amekataa kuwa alto, anasema alto hawasikiki. Yeye ni sauti ya kwanza. Sina la kumjibu, maana kwenye simu ni kweli, hawasikiki.

Wallen alisomea dansi New York kwa muda, Dance Theatre of Harlem, kisha akarudi Uingereza akasomea muziki: Goldsmiths, King's College London, halafu Cambridge. Anaandika kila aina: okestra, nyimbo anazopiga na kuimba mwenyewe kwa piano, opera zaidi ya 20. Mwaka 1998 kazi yake ya ngoma na ala nyingine za kugongwa pamoja na okestra iliingia Proms, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupigiwa kazi yake katika tamasha hilo. Tamasha lilianza 1895. Toeni wenyewe.

Agosti 2024 Mfalme Charles akamteua kuwa Master of the King's Music. Cheo hiki kipo tangu karne ya 17, na ukitaka kukielewa fikiria malenga wa kasri: hana ofisi wala saa za kazi, ila kukiwa na jambo kubwa la kitaifa anaweza kutakiwa atunge. Zamani ulikuwa unakaa nacho mpaka unakufa. Siku hizi ni miaka kumi. Mtunzi Elgar aliwahi kukishika. Kabla ya Wallen alikuwepo Judith Weir, mwanamke wa kwanza. Sasa amekuja huyu, mtoto wa Belize wa Tottenham, ambaye siku hizi anaishi kwenye mnara wa taa za meli kaskazini kabisa ya Uskoti, bahari tupu mbele yake. Mnara! Mimi ningepata wazimu wiki ya pili, lakini mimi si mtunzi.

Kazi yake iliyonikamata inaitwa Mighty River. Aliitunga 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya utumwa mwaka 1807. Niliisikia redioni zamu ya usiku, sauti nimeiweka chini. Inaanza pembe ya shaba peke yake, ikipiga Amazing Grace. Maneno ya wimbo huo yaliandikwa na John Newton, nahodha wa meli za watumwa aliyekuja kuwa kasisi. Basi pembe inapiga, halafu chini yake kunaanza mwendo mdogo, noti fupifupi zinazokimbia, na hazisimami tena. Robo saa nzima kuna mtu mahali fulani kwenye okestra anakimbia. Wakichoka vayolini wanapokea filimbi, wakichoka filimbi wanapokea wengine. Yeye mwenyewe Wallen analinganisha na mto: kama mto usivyozuilika kwenda baharini, ndivyo binadamu asivyozuilika kutaka uhuru.

Nami nikafikiri upande wetu. Sheria ile ya 1807 haikugusa pwani yetu. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi kwa kushinikizwa na Waingereza haohao. Miaka 66. Mwaka niliopelekwa na shule Unguja tulioneshwa kanisa la Mkunazini lililojengwa palepale sokoni, na mwongozaji akatuambia altare iko mahali pa mti wa kuchapia watu viboko. Tulikuwa watoto, tukawa tunanong'ona habari za urojo. Zamu ile ya usiku, redio ikiwa chini, mto wa Wallen ukipita, nilikumbuka urojo na nikaona haya.

Si kwamba kila analoandika linapendwa. Mwaka 2020, usiku wa mwisho wa Proms, ukumbi mtupu kwa ajili ya Korona, walipiga Jerusalem aliyoipanga upya. Ule wimbo wa Parry wa 1916 ni kama wimbo wa pili wa taifa huku. Wallen aliutia bluzi ndani yake, akaugongesha sauti, akautoa zawadi kwa kizazi cha Windrush, wale waliotoka visiwa vya Karibi kuja kuijenga Uingereza baada ya vita. Wapo waliomtukana vibaya kwa hilo. Lakini nina bibi mmoja kazini, wa Barbados, tisini na ushee, alikuja huku kijana akafanya kazi hospitali mpaka akastaafu. Nikamwekea nikidhani atafurahi, si ndiye aliyepewa zawadi? Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya blanketi. "Wameuharibu," akasema. "Shuleni tuliuimba vizuri." Kisha akauimba, beti zote mbili, vile ulivyokuwa.

Mimi nasimama na Wallen. Ila sikumwambia bibi.

Sasa Ijumaa. Kazi mpya inaitwa The Elements, BBC ndio waliomwomba aitunge, na itapigwa na BBC Symphony Orchestra chini ya kiongozi wake Sakari Oramo. Haijawahi kupigwa hadharani, kwa hiyo msiniulize ikoje. Hilo ndilo linalonipeleka. Muziki wa Beethoven kila aliyekaa karibu nami ukumbini anaujua kuliko mimi, babu zake waliusikia. Huu wa Ijumaa hakuna anayeujua. Profesa na mimi tutaanza pamoja, noti ya kwanza.

Kabla yake kuna Mendelssohn, na konseto ya vayolini ya Sibelius, yaani vayolini moja mbele na okestra nyuma yake, mpigaji Lisa Batiashvili. Mwisho kuna Sancta Civitas ya Vaughan Williams, ya 1926, na hapo wanakwaya wenzangu kaeni vizuri: maneno yametoka Ufunuo, kuanguka kwa Babeli na kuja kwa mji mtakatifu. Kwaya ni tatu. Kubwa, ndogo, na ya tatu ya watoto inawekwa mbali, ije kama inatoka pengine, na tarumbeta nayo huko mbali. Pale Nyakato tuliwahi kujaribu jambo la namna hiyo Pasaka, mwalimu akawaweka soprano nje ya kanisa karibu na kisima. Mvua ikanyesha. Mji mtakatifu uliingia ndani ukikimbia na viatu mkononi.

Tiketi ya kusimama mwaka huu ni pauni 8. Chini ya mshahara wangu wa saa moja. Unasimama uwanjani katikati, mbele ya okestra kabisa, karibu kuliko waliolipa mara kumi yako, au unapanda ile roshani ya walalaji. Ndivyo Proms zilivyokusudiwa tangu waanzilishi wake, Henry Wood na Robert Newman: bei ya chini, watu wasimame, wazoee. Ukumbi wao wa kwanza, Queen's Hall, ulipigwa bomu 1941, wakahamia Albert Hall. Mimi safari hii sipandi roshani, najijua. Nitasimama chini. Kutoka Plaistow ni treni moja, District, bila kubadilisha mpaka South Kensington, kisha miguu. Viatu ni vile vya kazini. Ukiweza kusimama navyo kwa muda wa saa kumi na mbili na wazee, utasimama navyo na Sibelius. Aliye mbali, Radio 3 ya BBC wanarusha moja kwa moja.

Jana nilimtumia mwalimu ujumbe wa sauti, nikamweleza yote: Wallen, Belize, mnara, kazi mpya. Amenijibu leo asubuhi. Nasikia cherehani nyuma yake, inakwenda, inasimama.

"Nimekuelewa. Doh ni ipi?"

Nimemwambia muziki wa siku hizi wakati mwingine doh inahama, wakati mwingine huwezi kuiona kabisa. Cherehani ikaenda kidogo.

"Lazima iwepo. Sikiliza besi. Utaniambia Jumamosi."

Mghana naye amejibu. Anataka na kachumbari.